Kitambaa Cheupe cha Kukinga Maua ya Miti ya Matunda na Jalidi: Tathmini Baada ya Misimu Miwili Makete

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni kitambaa cheupe chepesi cha polipropini, kile ambacho hakikufumwa kwa uzi bali nyuzi zake zimegandamizwa pamoja kwa joto, chenye uzito wa gramu 30 kwa kila mita ya mraba, na ambacho huuzwa kwa ajili ya kukinga mazao na jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande na mimea. Nilinunua jora moja la upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 50 kwa shilingi 210,000 katika duka la pembejeo, nikalitumia misimu miwili ya maua kwenye miti yangu ya plamu, pichi na matufaha wilayani Makete, mkoa wa Njombe, katika shamba lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300. Kitambaa hiki kinafaa, na nitakitumia tena mwaka huu. Lakini hakifai kwa kiwango kilichoandikwa kwenye lebo, wala hakifai kikitumiwa kwa namna niliyoelekezwa dukani. Msimu wa kwanza nilifuata maelekezo ya dukani, na miti niliyoifunika haikunipa hata tunda moja la maana. Msimu wa pili nilikitumia kwa namna nyingine kabisa, na miti ileile ilizaa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu matumizi, maana hapo ndipo fedha ya mkulima inaporudi au inapopotea.

Wasomaji walioko Pwani huenda wakashangaa kusikia mkulima wa Tanzania akihangaika na barafu, lakini huku kwetu ni jambo la kila mwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti, katika nyanda za juu za Makete na Njombe, na zaidi kuelekea uwanda wa Kitulo ulioko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, zipo asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe na maji ya ndoo iliyoachwa nje hushika ganda. Katika mazungumzo ya kawaida hatusemi jalidi. Tunasema barafu imepiga, au viazi vimeungua na barafu, kwa kuwa jani lililogandishwa usiku huwa jeusi jua likipanda, mfano wa jani lililobabuliwa na moto. Anayelima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, anaijua kuliko anayelima mlimani. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hutiririka kama maji kufuata mteremko na kutuama bondeni. Shamba langu liko mteremkoni, lakini mistari mitatu ya chini imekaribia bonde, na chini yake kuna wigo mnene wa miti nilioupanda mwenyewe ili kuzuia mifugo. Nilichukua miaka mingi kutambua kwamba wigo ule ulikuwa unaizuia pia hewa baridi isitoke, na kwamba miti ya chini ilikuwa inalala ndani ya bwawa la baridi.

Ubaya wenyewe umo katika kalenda. Plamu na pichi zangu huchanua mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, na mitufaha ya aina ya Anna hufuata muda mfupi baadaye, wakati jalidi bado haijaondoka. Wengi wetu tumepanda Anna pamoja na Dorsett Golden, ambayo huipa Anna chavua, na aina hizo zote mbili zilipatikana katika nchi zenye majira mafupi ya baridi, Anna huko Israeli na Dorsett Golden katika visiwa vya Bahamas. Sifa inayotuwezesha kuzilima huku, ya kutohitaji saa nyingi za baridi ili mti uamke, ndiyo hiyohiyo inayoziponza, kwa kuwa siku chache za jua kali mwezi Julai zinatosha kuufanya mti uamini kwamba baridi imekwisha.

Kabla sijaeleza kitambaa kinafanya nini, ni lazima nitaje kiwango cha baridi ambacho ua linaweza kukistahimili, kwa sababu muuzaji yeyote asiyekijua hawezi kumshauri mkulima. Tumba la tufaha ambalo ndiyo kwanza limeonyesha ncha ya kijani linaweza kupita usiku wa nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri likiwa salama kwa sehemu kubwa. Kadiri linavyofunguka ndivyo linavyokuwa dhaifu. Ua la tufaha lililochanua kabisa huanza kufa katika nyuzi 2.2 chini ya sifuri: nusu saa tu ya baridi hiyo huua takriban ua moja katika kila kumi, na ikifika nyuzi 3.9 chini ya sifuri hufa tisa katika kumi. Pichi iliyochanua ina nafuu kidogo, kwani hasara ya moja katika kumi huanza kwenye nyuzi 2.8 na ile ya tisa katika kumi kwenye nyuzi 4.4. Naomba msomaji aitazame nafasi iliyopo kati ya tarakimu hizo. Ni chini ya nyuzi mbili. Usiku mmoja unaozidi mwingine kwa nyuzi mbili za baridi hutenganisha mkulima anayepunguza matunda kwa mkono kwa sababu yamezidi, na mkulima asiye na kitu cha kupeleka sokoni. Ndiyo maana kitambaa kinachoongeza nyuzi mbili tu kinaweza kuwa na thamani kubwa, na ndiyo maana pia kitambaa hichohicho kikitumiwa vibaya kikaongeza nusu nyuzi hakina thamani yoyote.

Sasa nieleze msimu wa kwanza. Muuzaji, kijana mwenye adabu ambaye nina hakika alikuwa akirudia alichoambiwa, alinieleza hivi: “Mzee, unauvalisha mti kama unavyovalisha gunia, halafu unafunga kamba hapa kwenye shina, baridi haiingii.” Lebo nayo, iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, ilikuwa na mchoro wa mti uliofungwa vivyo hivyo, kitambaa kikiwa kimekusanywa na kubanwa kwenye shina chini kidogo ya matawi. Nilifanya hivyo kwa miti tisa. Niliifunika mwishoni mwa Julai, sikuifungua mchana wala usiku kwa siku kumi na mbili, na kitambaa kilikuwa kimelala moja kwa moja juu ya maua. Barafu ilipiga mara mbili katika kipindi hicho. Nilipofungua, nilikuta maua ya nje yote yaliyogusana na kitambaa yamekuwa ya kahawia, na mengi ya ndani, ambayo petali zake zilikuwa bado nyeupe na za kupendeza, yalikuwa yamekufa kwenye kiini.

Hapa nieleze namna ya kukagua, kwa kuwa petali hudanganya. Subiri hadi mchana, chuma maua kumi au ishirini kutoka pande zote za mti, uyapasue katikati kwa wembe, kisha utazame pale kwenye kitako cha ua ambapo tunda huanzia. Kiini kikiwa cha kijani kibichi, ua ni zima. Kikiwa cha kahawia au cheusi, ua hilo halitakuwa tunda hata kama litaendelea kuning'inia juu ya mti kwa wiki nzima likionekana halina shida. Mkulima asiyepasua maua huishi na matumaini mpaka mwezi Septemba, na matumaini hayo humfanya aendelee kutumia dawa na mbolea kwa ajili ya mavuno ambayo hayapo.

Kosa la njia ile ya gunia nililielewa baada ya kuweka vipimajoto viwili, kimoja ndani ya kitambaa na kingine nje, vyote kwenye kimo cha maua. Katika usiku wa jalidi, kipimajoto cha ndani ya mti uliofungwa kwenye shina hakikuzidi cha nje hata kwa nyuzi moja. Sababu yake ni kwamba mti hauna joto la kwake. Sisi tukijifunika blanketi tunapata joto kwa kuwa mwili wenyewe unalizalisha, na blanketi kazi yake ni kulizuia lisitoke. Mti hauzalishi kitu cha namna hiyo. Joto la usiku linatoka ardhini, ambako jua limeliweka mchana kutwa, na kitambaa kinachobanwa kwenye shina kinaufungia mti nje ya joto hilo badala ya kuufungia ndani. Kitambaa kinapaswa kuwa hema. Pindo lake liguse ardhi pande zote, likandamizwe kwa mawe au udongo, ili joto linalopanda kutoka ardhini linaswe na kuzunguka matawi.

Msimu wa pili nilianza upya kwa msingi huo. Kila mti niliusimikia mianzi minne, na mianzi kwetu si ya kutafuta mbali kwa kuwa imepandwa kila mahali kwa ajili ya ulanzi, pombe inayogemwa kutoka kwenye mianzi, nikaikita nje ya kivuli cha matawi na kuiinua kupita ncha ya mti kwa kiasi cha kiganja. Kipande cha urefu wa mita 5.5 kilizungushwa kwenye mianzi hiyo kama ukuta, upana wa mita 3.2 ukawa ndio kimo chake, na sehemu iliyozidi juu ikakusanywa na kufungwa kwa kamba ya katani. Upenyo wa ubavuni niliubana kwa vibanio vya nguo. Hakuna ua lililogusa kitambaa. Jambo hilo la kutogusana nalisisitiza, kwa sababu usiku umande hulowesha kitambaa, kisha kitambaa huganda, na ua lililobandikwa kwenye kitambaa kilichoganda hupoteza joto lake moja kwa moja kupitia hapo.

Hata hivyo mianzi peke yake haikutosha, na hili ndilo lililonifundisha zaidi kuliko yote. Usiku wa kwanza wa jalidi wa msimu huo wa pili, kipimajoto cha nje kilishuka hadi nyuzi 2.5 chini ya sifuri na cha ndani kikasoma nyuzi 1.5 chini ya sifuri, yaani tofauti ya nyuzi moja tu, wakati kitambaa cha uzito huu kinapaswa kutoa nyuzi mbili au zaidi. Nilitazama chini ya miti na kuona nyasi zilizokauka pamoja na matandazo niliyoyatandaza kwa bidii mwezi Mei. Ardhi yangu ilikuwa imefunikwa na imekauka. Matandazo ambayo yanasaidia sana wakati wa ukame yanazuia jua lisipashe udongo mchana, na usiku yanazuia udongo usitoe kile kidogo ulichokipata. Udongo mkavu nao umejaa hewa na hauwezi kuhifadhi joto kama udongo wenye unyevu. Asubuhi hiyo niliyavuta matandazo yote kando, nikapalilia nyasi hadi udongo ukawa mtupu bila kuutifua, na mchana nikamwagilia kwa mpira wa maji mpaka unyevu ukashuka kwa kina cha sentimita 30 hivi. Siku tatu baadaye barafu ilipiga tena. Nje kipimajoto kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri, na ndani ya hema kilisoma nusu nyuzi chini ya sifuri. Niliyapasua maua ishirini ya Anna siku hiyo mchana, na kiini cha kahawia nilikikuta katika ua moja tu.

Kwa hiyo nikiulizwa kitambaa hiki kinatoa nyuzi ngapi, jibu langu la haki ni kwamba kinatoa moja hadi mbili na nusu, na kwamba anayeamua itakuwa ngapi ni udongo ulio chini yake. Lebo ilidai kinakinga hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Dai hilo si la kweli kwa ua lililochanua, na linaumiza, kwa sababu linamfanya mkulima alale kwa amani katika usiku ambao angepaswa kuwa macho. Vitambaa vya gramu 17 hutoa nyuzi moja hivi, vya gramu 50 hutoa tatu au nne, na hakuna kitambaa chepesi cha aina hii kinachoweza kutoa saba. Ninawaomba wauzaji waandike maelekezo kwa Kiswahili, waondoe mchoro ule wa kufunga kwenye shina, na waeleze kwamba kipimo wanachokitaja kinategemea udongo wenye unyevu na pindo lililogusa ardhi. Karatasi moja ya namna hiyo ingeniokolea msimu mzima.

Suala la mchana nalo linahitaji nafasi yake. Mwaka wa kwanza niliiacha miti imefunikwa kwa siku kumi na mbili mfululizo, na hata maua yaliyosalimika hayakushika tunda, kwa kuwa nyuki hawakuweza kuyafikia. Matufaha na plamu nyingi zinahitaji chavua kutoka mti wa aina nyingine, na bila nyuki kazi hiyo haifanyiki. Nyuki wenyewe hawatoki kwa wingi mpaka joto lifike nyuzi 12 au 13, ambazo kwetu Agosti hupatikana kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi. Ratiba yangu ya msimu wa pili ilikuwa kufunika saa kumi na moja jioni, kabla jua halijatua na joto la ardhi halijaanza kutoroka, kisha kufungua saa tatu asubuhi baada ya barafu kuyeyuka. Kufunika usiku wa manane, baada ya mtu kusikia baridi kitandani, ni kuchelewa, kwa sababu joto la kuokoa limekwisha kupotea.

Kazi hiyo ni nzito, na sitaki mtu anunue kitambaa hiki akidhani kinajihudumia. Kufunika miti tisa kulituchukua mimi na mwanangu dakika arobaini kila jioni, na kufungua dakika ishirini. Hatukufanya kila siku. Tulifanya kila jioni ambayo anga lilikuwa safi, upepo umetulia na kipimajoto kimeshuka chini ya nyuzi 8 wakati jua linatua, na kwa kanuni hiyo tulifunika usiku kumi na tano katika wiki nne, ingawa barafu yenyewe ilipiga usiku minne tu. Jioni ya kwanza bibi mmoja jirani yetu alisimama njiani akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya masikitiko, “Mwanangu, mbona miti umeivalisha sanda?” Nilimweleza, na kesho yake alipoona maua yako hai ndani ya hema huku miti ya jirani ikiwa imeungua, aliniomba kipande kwa ajili ya mpichi wake mmoja ulio nyuma ya jiko. Nilimpa kile kilichobaki kutoka mwisho wa jora.

Gharama inapaswa kuhesabiwa kwa mti. Jora la mita 50 lilitosha miti tisa yenye kimo kisichozidi mita mbili, kwa hiyo kila mti uligharimu zaidi kidogo ya shilingi 23,000 za kitambaa, mbali na mianzi, kamba na vibanio. Kwa mti mdogo wa miaka mitatu au minne ambao ndio unaanza kuzaa, na uliopandwa mahali pabaya, fedha hiyo inarudi. Kwa mti mkubwa wa mita nne au tano hairudi, na hata ingerudi, hakuna mwenye ngazi na nguvu za kuufunika na kuufunua mti wa namna hiyo kila siku. Wenzangu wa Njombe wanaolima parachichi wameniuliza kama kitafaa kwao, kwa kuwa maua ya parachichi nayo huungua. Kwa miche ya mwaka wa kwanza na wa pili ningesema ndiyo bila kusita, maana mche ukiungua hadi chini ya pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mti mwingine, aina uliyoinunua imekufa na kinachochipua ni shina la chini tu. Kwa parachichi lililokomaa lenye mwavuli mpana, hapana.

Kuhusu uimara, nina malalamiko ya kiasi. Upepo wa mchana wa mwezi Agosti huku kwetu ni mkali, na vipande viwili nilivyosahau kuvikunja vilichanika kwenye ncha za mianzi. Nilizivalisha ncha hizo vitambaa vya nguo kuukuu na tatizo likaisha. Baya zaidi ni jua. Polipropini isiyotiwa kinga ya mionzi ya jua hulegea na kuanza kumeguka, na mwishoni mwa msimu wa pili mapindo ya vipande vyangu yalikuwa yanaacha nyuzinyuzi nyeupe mkononi. Nyuzi hizo ni plastiki na hazitaoza shambani, kwa hiyo nimekuwa nikizikusanya kwa uangalifu, na ninamshauri kila mnunuzi aulize dukani kama kitambaa kimetiwa kinga hiyo kabla ya kutoa fedha. Anayefunua kila asubuhi na kukunja kitambaa kivulini kikiwa kikavu atakipata misimu mitatu. Anayekiacha juani atapata mmoja.

Je, kinashindaje njia tulizozizoea? Wengi huku huwasha moto wa majani mabichi ili kufanya moshi, na wapo wanaochoma matairi. Moshi hauzuii joto la ardhi kutoroka kwa kiasi cha kumsaidia mkulima, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno kuzuia mionzi hiyo. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, na kwa ajili hiyo mioto mingi midogo iliyosambazwa kati ya miti inafaa kuliko moto mmoja mkubwa, ambao huipasha hewa ikapanda juu na kuondoka. Hivyo ndivyo wakulima wa Ufaransa walivyofanya katika jalidi kali ya Aprili 2021, walipowasha maelfu ya mishumaa mikubwa ndani ya mashamba ya mizabibu na ya matunda. Kwetu kuni za kazi hiyo zingemaliza msitu, na tairi linaloungua halipaswi kukaribia chakula cha mtu. Karatasi ya nailoni ni rahisi kuliko kitambaa, lakini nailoni ya kawaida hupitisha mionzi ya joto kirahisi, haipumui, na asubuhi ukichelewa kuifungua hupika maua. Mablanketi hukinga vizuri, ila yakilowa umande huwa mazito yakavunja matawi.

Njia iliyo bora kuliko kitambaa, kwa mwenye uwezo, ni kunyunyizia maji usiku kucha. Watu hudhani ni kichaa kumwagia maji mti unaoganda, lakini kila kilo ya maji inapoganda hutoa kilojuli 334 za joto, na joto hilo hulishikilia ua karibu na sifuri likiwa limezungukwa na ganda la barafu. Sharti lake ni kwamba maji yasikatike mpaka barafu iyeyuke asubuhi, kwa sababu maji yakikatika na kuanza kukauka, kila kilo inayogeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara saba ya lile lililotolewa, na ua huwa katika hali mbaya kuliko kama lingeachwa bila kitu. Kwa mkulima anayetegemea mfereji wa zamu au pampu ya mafuta ambayo inaweza kuzimika saa tisa usiku, hatari hiyo ni kubwa mno. Kitambaa hakizimiki, na kwa mkulima mdogo hilo ni jambo la kuthaminiwa.

Ninampendekezea kitambaa hiki mtu mwenye miti mifupi isiyozidi kumi na miwili mahali panapotuama baridi, mwenye mikono miwili ya kumsaidia jioni, na aliye tayari kuandaa udongo kabla ya kufunika. Simpendekezei mwenye ekari nzima, wala anayeishi mbali na shamba lake. Nikilinganisha kazi yake na bei yake, ningekipa alama 7 katika 10, na lebo yake ningeipa 2.

Mwaka huu sitanunua jora la pili la gramu 30. Nimekwisha kukata mapengo matatu katika wigo wa chini ili hewa baridi ipate njia ya kutokea, kazi iliyonigharimu siku mbili za panga, na kupogoa pichi nimekusogeza mbele kwa wiki tatu ili ichelewe kidogo kuchanua. Vile vipande vilivyobaki vizima nitavitumia kwenye mistari miwili. Kwa mstari wa mwisho, ule unaogusa bonde, ambapo nyuzi mbili na nusu hazitoshi, natafuta kitambaa cha gramu 50 kilichotiwa kinga ya jua, na vipimajoto viwili vimekwisha kufungwa kwenye mianzi vikisubiri Julai.